Nesi, siki na saratani: zahanati inazuia nini hasa?

Kwenye Hiace iliyotoka Kasulu asubuhi kwenda Kigoma mjini, mama mmoja aliyepakata dumu la mawese alileta habari. Nesi wa zahanati ya kijijini kwao yuko mafunzoni, anasomea saratani, na akirudi ataanza kuwapima akina mama kwa siki.

"Siki?" akauliza kijana wa kiti cha nyuma. "Hii hii ya kachumbari?"

Gari zima likacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyekaa dirishani. Tulipokaribia Kidahwe akasema taratibu, "Kansa ni ugonjwa wa Ocean Road, mama yangu. Mke wangu nilimpandisha treni hapo Kigoma, nikarudi naye kwenye sanduku. Nesi wa kijijini ataiwezea wapi?"

Ocean Road ni taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Hakuna aliyecheka tena. Nimekaa na ile safari kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu mzee alisema kweli na yule mama naye alisema kweli, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia kitu kingine kwa jina lile lile. Saratani iliyokomaa haitibiwi zahanati, na hakuna nesi anayefundishwa kuitibu huko. Kazi anayofundishwa inatangulia ile safari ya treni kwa miaka 10, pengine 15. Watu wengi hawajui kama kuna kazi yoyote ya kufanya katika miaka hiyo, na ndiyo maana siki inawachekesha.

Jirani anayesogeza mpaka

Tuanze na maneno yenyewe. Saratani na kansa ni kitu kimoja. Mwili umejengwa kwa chembe hai zisizoonekana kwa macho, ambazo shuleni huitwa seli, nyingi kuliko mchanga wa ufuko wa Kibirizi. Kila siku chembe zinachakaa na kufa, nyingine zinazaliwa kujaza nafasi, kwa kiasi kinachohitajika tu. Saratani inaanza pale maelekezo ya ndani ya chembe moja yanapoharibika, ikaacha kusikia amri ya kusimama, ikawa inazaa tu.

Anayelima atanielewa upesi. Fikiria jirani ambaye shamba lake linapakana na lako. Mwaka wa kwanza analima ovyo, matuta yamekwenda kombo, lakini bado yuko kwenye eneo lake. Mwaka mwingine anang'oa mti wa mpaka na kupitisha tuta moja upande wako. Ukinyamaza, msimu unaofuata amepanda mihogo hadi mlangoni kwako. Mwishowe anawaita ndugu zake wafungue mashamba kwenye vitongoji vya mbali ambako wewe hufiki. Madaktari wanaposema saratani iko hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, wanachopima ni hicho: jirani amevuka mpaka kwa kiasi gani, na ndugu zake wamefika wapi.

Ile hali ya mwaka wa kwanza, matuta kombo ndani ya shamba lake mwenyewe, bado si saratani. Huitwa mabadiliko ya awali. Hayaumi, hayatoi damu, hayamnyimi mtu usingizi. Mengi hujirekebisha yenyewe. Machache huendelea hadi kuvuka mpaka. Mtu mwenye mabadiliko hayo anachota maji, anauza dagaa, anabeba mtoto, wala hajui.

Kuna maneno mengine matatu ambayo redioni huchanganywa mpaka msikilizaji anachoka. Kinga ni kuzuia jambo lisianze kabisa, kama chanjo au kuacha tumbaku. Uchunguzi ni kumtazama mtu ambaye hana dalili yoyote. Utambuzi wa mapema ni kwa yule ambaye dalili ameshaiona, uvimbe au damu, na sasa kinachotakiwa ni kumwahisha. Nesi wa zahanati anahitajika katika yote matatu, lakini watu wetu tumezoea kwenda zahanati tukiumwa, kwa hiyo tunalijua hilo la tatu tu, na hata hilo tunalifikia tumechelewa.

Kwa nini mlango wa kizazi ndio unaoanza

Mafunzo mengi ya wauguzi wa ngazi ya chini huanza na saratani ya mlango wa kizazi, na sababu zinaeleweka. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika nayo Tanzania kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Hakuna saratani nyingine inayogusa Watanzania wengi kiasi hicho. Na bado ni miongoni mwa saratani zinazozuilika kwa urahisi zaidi, jambo ambalo linaniumiza kila ninapolifikiria.

Inazuilika kwa sababu chanzo chake kinajulikana. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, na mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuubaini uhusiano huo. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita vyote "virusi", na mtu akisikia "kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana" anafikiria UKIMWI moja kwa moja. HPV si VVU. HPV ni kirusi cha kawaida mno. Wengi wa watu waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake, hata mtu aliyekuwa na mwenza mmoja tu. Mwanamke akiambiwa ana mabadiliko ya awali, hilo halithibitishi kwamba yeye au mumewe ni malaya. Ndoa zimewahi kuvunjika kwa kutojua hili.

Mara nyingi mwili hukifukuza kirusi hiki wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kinakaa, na kikikaa kinaanza kupotosha matuta. Kutoka hapo hadi saratani kamili, kwa mwanamke mwenye kinga imara, inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila dawa, muda hufupika hadi miaka 5 au 10. Wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya wengine, na ndiyo maana nesi wa kliniki ya dawa za VVU anapaswa kuijua kazi hii kuliko wote.

Miaka 15! Ugonjwa gani mwingine hatari unatupa muda mrefu namna hiyo wa kuukuta njiani? Tena mlango wa kizazi uko mahali ambapo jicho linafika. Ini halionekani, kongosho halionekani. Mlango wa kizazi, ukiwa na kifaa cha kufungulia uke na taa nzuri, unauona.

Siki inafanya nini

Sasa tumjibu yule kijana wa kiti cha nyuma.

Wewe unayekaa kando ya ziwa, chukua kipande cha mgebuka mbichi, kikamulie limau, usubiri. Ile nyama iliyokuwa inang'aa inageuka nyeupe, kana kwamba imepikwa. Asidi ya limau imeigandisha protini iliyomo ndani ya nyama. Siki ni asidi pia. Ikipakwa kwenye mlango wa kizazi, inagandisha kwa muda protini za chembe. Chembe zilizoharibika zimesongamana, viini vyake ni vikubwa, na protini zake ni nyingi kuliko za chembe za kawaida. Kwa hiyo zinageuka nyeupe kwa wazi, wakati jirani zake zenye afya zinabaki na rangi ya waridi. Muuguzi anapaka, anahesabu dakika moja, halafu anaangalia. Doa jeupe, zito, lenye kingo zinazoonekana, karibu na pale ngozi mbili za mlango wa kizazi zinapokutana, ndilo analolitafuta. Baada ya dakika chache weupe unapotea na mlango unarudi ulivyokuwa.

Siki hiyo huwa ya nguvu ya asilimia 3 hadi 5, inayopimwa na kutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hakuna mama anayetakiwa kuja na chupa yake kutoka nyumbani. Na hili naliandika kwa uzito wote: siki si dawa. Haitibu kitu ukeni. Mtu asijipake, asijimwagie, asijisafishe nayo ndani. Pale zahanati inatumika kama tochi inavyotumika usiku, kuonyesha kilichopo.

Majibu huwa ya namna tatu. La kwanza, hakuna doa: mama anarudi nyumbani, anapewa tarehe ya kurudi, kwa kawaida baada ya miaka 3, na mapema zaidi akiwa anaishi na VVU. La pili, doa lipo: hili ndilo linalotisha watu bure, kwa sababu anayeambiwa "umekutwa na doa" anatoka mlangoni ameshaanza kugawa mirathi. Doa maana yake ni matuta kombo. Kwa wengi linaweza kutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kuligandisha kwa gesi baridi sana au kwa kuligusisha kifaa chenye joto la nyuzi 100 hivi kwa muda usiofika dakika moja. Hakuna kulazwa, hakuna nusu kaputi. Mama atatokwa na majimaji wiki chache, atashauriwa apumzike kujamiiana kwa mwezi hivi, na kurudi kuangaliwa baada ya mwaka. La tatu ni pale nesi anapoona kidonda, nyama iliyoota au damu inayotoka kwa kuguswa tu. Hapo hatibu chochote. Anaandika rufaa, kwa sababu huenda jirani ameshavuka mpaka, na kuchoma juu juu kungekuwa kuficha moto kwa majivu. Doa kubwa mno au lililoingia ndani ambako jicho halifiki nalo hupelekwa mbele.

Kutenganisha majibu haya matatu ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya mafunzo. Wauguzi huoneshwa picha nyingi, moja baada ya nyingine, mpaka jicho linyooke. Hujifunza kwa sanamu ya nyonga kabla ya kumgusa mtu. Halafu huwachunguza akina mama huku mkufunzi amesimama pembeni, mpaka majibu ya mwanafunzi na ya mwalimu yaanze kufanana. Hakuna mashine ya kujificha nyuma yake. Kipimo ni jicho la mtu.

Je, inafanya kazi kweli, au ni njia ya kuwaridhisha maskini? Swali hilo lilijibiwa India, wilaya ya Dindigul, jimbo la Tamil Nadu. Wauguzi waliofundishwa walichunguza wanawake wa miaka 30 hadi 59 kwa siki, mara moja tu, na waliokutwa na doa wakatibiwa kwa baridi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: ukilinganisha na maeneo ambayo hayakupata huduma hiyo, saratani mpya zilipungua kwa asilimia 25 na vifo kwa asilimia 35. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wauguzi.

Lakini nisiipambe siki. Jicho la nesi huyu na la yule hayalingani. Aliyechunguza akina mama 200 anaona asichokiona aliyechunguza 10, na aliyerudi kutoka mafunzoni akakaa miezi sita bila taa wala vifaa ameshaanza kusahau. Baada ya kukoma hedhi, ile sehemu inayotakiwa kutazamwa hujirudisha ndani, ndiyo maana kipimo hiki kinawafaa zaidi wa miaka 30 hadi 50. Tangu mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zihamie kwenye kipimo cha HPV chenyewe, kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Hicho kinakamata zaidi, na sampuli mama anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, jambo ambalo kwa Waha wengi wenye haya lingekuwa nafuu kubwa. Kinahitaji mashine na vitendanishi, na mpaka vifike kila mahali, siki inashikilia zamu.

Sindano ya msichana wa darasa la tano

Kwa binti ambaye hajakutana na kirusi, kuna njia fupi zaidi. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu, na wanaolengwa ni wa miaka 9 hadi 14. Watu waliona mabadiliko hayo wakashtuka: mbona jana mbili, leo moja? Mbona watoto wadogo hivyo? Dozi zimepungua kwa sababu tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba moja inalinda vizuri, na Shirika la Afya Duniani likaliridhia hilo mwaka 2022. Na umri ni mdogo kwa sababu chanjo haifukuzi kirusi kilichokwishaingia. Inafanya kazi ikitangulia. Mlango unafungwa kabla mwizi hajaingia.

Maneno kwamba inafunga kizazi nimeyasikia Ujiji na nimeyasikia Kibondo, kutoka kwa wazazi wanaowapenda watoto wao, kwa hiyo sitawakejeli. Nitawaeleza kilichomo. Wakamua mawese wanalijua kokwa la chikichi. Ukilivunja ukatoa mise, ganda linabaki na umbo lake, lakini lipande unavyotaka, haliwezi kuota. Chanjo ya HPV ni ganda la nje la kirusi, tupu, bila mise ndani. Mwili unaliona lile umbo, unalikariri, na siku kirusi chenyewe kikija unakitambua. Hakuna kinachoota, na hakuna kinachofika kwenye kizazi.

Aliyechanjwa bado anahitaji kuchunguzwa akifikisha miaka 30, kwa sababu aina mbili kuu zinazozuiwa, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi, na zilizobaki zinatokana na aina nyingine.

Shangazi na "UTI" ya miezi minane

Watu wanapouliza kwa nini nesi apelekwe kusoma saratani wakati dawa za malaria zenyewe zinaisha, mimi humkumbuka shangazi yangu. Alikuwa amekoma hedhi zamani. Akaanza kuona matone ya damu. Alikwenda kwenye kituo kimoja, akaambiwa ni UTI, akapewa vidonge. Damu ikarudi, akaambiwa ni fangasi, akapewa dawa ya kuweka. Mara ya tatu ilikuwa UTI sugu, sindano siku tano. Miezi minane ikapita na hakuna aliyemwambia apande kitandani atazamwe. Alipofika Mwanza, Bugando, ugonjwa ulikuwa umeingia ukutani mwa nyonga. Alipigwa mionzi, akapata nafuu, akatuacha mwaka wa pili.

Waliomhudumia hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuja msibani. Hawakufundishwa sentensi moja tu: damu baada ya kukoma hedhi haitibiwi kabla ya kutazamwa. Wala damu baada ya tendo la ndoa.

Nusu ya elimu ya saratani kwa muuguzi wa jamii ni orodha fupi ya mambo ya namna hiyo, yanayotakiwa kumgonga kichwani hata akiwa amechoka na foleni imefika nje. Uvimbe kwenye titi usiouma: wanawake wengi hungoja mpaka uanze kuuma ndipo waende, wakati saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa. Ngozi ya titi iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, chuchu inayotoa damu. Vivimbe vingi vya matiti, hasa vya wasichana, si saratani, na nesi anafundishwa kusema hivyo ili asimtie mtu hofu. Lakini hafundishwi kuamua kwa mkono. Mkono unagundua, kinachoamua ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kilichotazamwa maabara.

Kwa watoto, kuna mboni inayong'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, ambayo mama huiona kwanza kwenye picha ya simu. Kuna taya linalovimba haraka na meno kulegea, saratani iitwayo Burkitt, inayopatikana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama mkoa huu. Inakua kwa siku, hailingani na ile ya miaka 15. Lakini inaitikia dawa vizuri sana ikiwahiwa. Mtoto wa namna hiyo akizungushwa kwa mng'oa meno wiki tatu, wiki hizo hazirudi.

Mengine ya kinga nesi anayo mkononi tayari bila kuyaita saratani. Sindano za mtoto mchanga zina chanjo ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao huleta saratani ya ini. Karanga na mahindi yenye ukungu vina sumu inayoharibu ini hilo hilo. Na tumbaku, tunayoilima huku kwetu na jirani zetu wa Tabora wanailima zaidi, inaua wavutaji kwa saratani za mapafu, koo na nyingine nyingi.

"Ikiguswa na kisu inasambaa"

Kati ya imani zote, hii ndiyo inayoua zaidi kwa maoni yangu, kuliko hata uchawi. Anayedhani amerogwa huenda kwa mganga, na wengine baadaye huja hospitali. Anayeamini kwamba kansa ikikatwa inasambaa anakataa hospitali yenyewe, tena akiwa amefika mlangoni. Imani hii ina mzizi wake: wengi waliopasuliwa tulipowaona, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kabla ya kisu. Walipokufa, kisu kikabeba lawama ya ucheleweshaji. Kuchukua kinyama kwa uchunguzi hakusambazi saratani ya titi wala ya mlango wa kizazi, na bila kinyama daktari hawezi kujua anatibu nini.

Nesi aliyefundishwa vizuri analijibu hili kwa upole, kwa lugha ya nyumbani, kabla halijaulizwa. Daktari bingwa wa Dar es Salaam hana nafasi hiyo. Mgonjwa akifika kwake ameshaamua.

Kutoka Kalya hadi kwenye mionzi

Sasa sehemu ngumu. Chukua mwanamke wa Kalya au Buhingu, kusini mwa wilaya ya Uvinza, vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika ambako boti ndiyo barabara. Nesi ameona kidonda. Ameandika rufaa. Karatasi hiyo inamwambia mama apande boti hadi Kigoma, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, achukuliwe kinyama, asubiri majibu, kisha pengine aende Bugando, au apande treni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nani atabaki na watoto? Nani atauza mbuzi? Atalala wapi wiki tano au sita za mionzi? Mume akisema tungoje mavuno, karatasi inaingia chini ya godoro.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopima mafunzo kwa idadi ya wauguzi waliopewa vyeti. Kumwonyesha mtu tatizo kisha kumwacha nalo ni ukatili. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi wa mwaka 2021, linataka mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza kwa mtoa huduma. Siku 60 za kutoka Kalya! Zinawezekana, lakini kwa nesi anayejua kwamba rufaa haiishii kwenye kusaini. Anaandika namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja. Anampigia mwenzake wa Maweni kumwambia fulani anakuja siku fulani. Anamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani kuuliza kama safari imefanyika. Anamwita mume, wakaongea watatu. Anafungua rejista kila Ijumaa na kuangalia nani hajarudi. Na yule ambaye ugonjwa wake umeshapita uwezo wa tiba, anajua kumwombea dawa ya maumivu yenye nguvu, kwa sababu hakuna anayepaswa kufa analia akiwa na panadoli mkononi.

Kazi hiyo ya rejista na simu haina picha ya kuweka ukutani. Nimeona zahanati yenye taa mpya, siki iliyopimwa na kifaa cha joto kilichochajiwa, na rejista ambayo safu ya mwisho, ile ya "amefika huko", ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini.

Kwa mama wa dumu la mawese, ambaye tuliachana Mwandiga bila mimi kumuuliza jina: siku ya kliniki ya mtoto, baada ya kupima uzito, muulize nesi kama uchunguzi wa mlango wa kizazi unafanyika hapo au kituo cha afya gani, na siku zipi. Chagua siku ambayo huna hedhi. Vaa sketi au gauni, inarahisisha. Kuchunguzwa kwenyewe kunachukua dakika chache, kunakera kidogo, na una haki ya kutaka mlango ufungwe na mtu asiyehusika atoke. Akikuambia rudi baada ya miaka 3, mwambie aiandike tarehe kwenye kadi.

Na mzee wa dirishani, kama una mabinti, au wajukuu wa kike wa miaka 9 hadi 14, chanjo ni bure.